Nasoma na kila sentensi naielewa, lakini nikifunga kitabu sina la kusema

Swali la msomaji: Vitabu vya masomo yangu navisoma mara mbili, hata tatu. Nikiwa nasoma, kila sentensi inaingia, lakini nikifunga kitabu nikaulizwa, nababaika. Nikiandika muhtasari nauona umekaa vizuri, ila wenzangu wakiusoma wananiuliza mambo ambayo nina hakika nimeyaandika humo humo. Je, kusoma, kuandika na kuelewa ni vitu vitatu tofauti? Mtu anaweza kuandika asichokielewa? Na je, tatizo langu ni kwamba nasoma haraka mno?

Jibu: Ndiyo, ni vitu vitatu tofauti, na kimoja chaweza kuwepo bila vingine viwili. Sioni dalili yoyote kwamba kumbukumbu yako ni mbovu. Ninachokiona ni kwamba unaitegemea ile hisia ya "imeingia" ikuambie kama umeelewa, nayo hisia hiyo hupima jambo jingine kabisa.

Tuanze na kusoma bila kuelewa. Mshairi wa Uingereza John Milton alipokuwa kipofu, mpwa wake Edward Phillips aliandika kwamba mabinti wawili wa mshairi huyo walilazimika kumsomea vitabu kwa sauti katika Kiebrania, Kigiriki, Kilatini na lugha nyingine kadhaa, na kuzitamka barabara, bila wao kuelewa hata neno moja. Mabinti waliona herufi na kutoa sauti. Baba yao, asiyeona hata mstari, ndiye aliyeelewa. Kazi moja ya kusoma iligawanywa kwa watu wawili na ikafanyika. Mwaka 1986 watafiti Philip Gough na William Tunmer walilieleza jambo hili kwa kanuni fupi: kuelewa unachosoma ni zao la kuzidisha uwezo wa kutambua maneno yaliyoandikwa na uwezo wa kuielewa lugha inaposemwa. Ni kuzidisha, si kujumlisha. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri, hata kingine kiwe kikubwa kiasi gani.

Sisi tunaosoma Kiswahili tunadanganyika kirahisi zaidi hapa. Tahajia yetu ya sasa ni nyepesi mno: irabu tano, kila moja na sauti yake, na karibu kila neno hutamkwa kama lilivyoandikwa. Aliyezijua silabi anaweza kusoma kwa sauti mkataba wa bima au makala ya upasuaji asikosee popote, na asijue kilichosemwa. Kwa hiyo kusoma kwa ufasaha mbele ya watu hakuthibitishi lolote kuhusu uelewa. Kiswahili kilipoandikwa kwa hati ya Kiarabu mambo yalikuwa kinyume. Hati hiyo ina alama tatu tu za irabu fupi, hivyo *e* na *i* mara nyingi ziliandikwa kwa alama moja, *o* na *u* vivyo hivyo, na *p* iliweza kuandikwa kama *b*. Msomaji wa utenzi alipaswa kulijua neno, au angalau kulikisia kutokana na maana ya ubeti, ndipo aweze kulitamka. Huko uelewa ulitangulia usomaji. Katika tahajia ya leo usomaji waweza kutangulia peke yake kurasa nyingi, na mwenye macho asitambue kwamba ameachwa.

Kuelewa sentensi na kuelewa jambo

Teun van Dijk na Walter Kintsch, katika kazi yao ya mwaka 1983, walitenganisha ngazi tatu ambazo naona zinaeleza tatizo lako barabara. Ya kwanza ni maneno yenyewe kama yalivyopangwa. Ya pili ni madai yaliyomo: nani kafanya nini, kipi ni sifa ya kipi. Ya tatu ni hali inayozungumzwa, ambayo msomaji huijenga kichwani kwa kuchanganya madai hayo na yale aliyokuwa akiyajua tayari.

Soma hii: "Neema aliingia akitweta, nywele zimemganda usoni. Alipoikunjua barua, wino ulikuwa umeshasambaa." Umejua kwamba mvua ilimkuta njiani, kwamba barua hakuwa ameifunika, na kwamba huenda haisomeki tena. Mvua haikutajwa. Hakuna neno "loa" wala neno "haribika". Hayo yote umeyatia wewe. Asiyejua kwamba wino huyeyuka kwa maji angeelewa kila neno la sentensi hizo mbili na bado asione ya pili imefuataje ya kwanza. Angesema ameelewa, na kwa kiwango cha sentensi angekuwa anasema kweli.

Hiyo "inaingia" yako ni ya ngazi ya pili. Kila dai limepokewa, lakini madai hayajafungamanishwa. Kitabu kikiwa wazi, mwandishi anakufanyia kazi ya kuyashikanisha kwa mpangilio wake: aya hii inafuata ile, mchoro uko pembeni, kichwa kidogo kiko juu. Kitabu kikifungwa, mpangilio huo unaondoka nacho, na kinachobaki kwako ni madai yaliyotawanyika.

Usiyahesabie makosa yale maneno ya mwandishi unayoyasahau. Jacqueline Sachs alionyesha mwaka 1967 kwamba mtu akishasikia silabi 80 hivi za maelezo zaidi, hatambui tena kama umbo la sentensi iliyopita limebadilishwa. Maana yake ikibadilishwa, anatambua. Maneno hupotea upesi kwa kila mtu. Ukikariri ili yasipotee, unatumia nguvu kuhifadhi ile ngazi ambayo haikusaidii kujibu swali jipya.

Mwaka 1972 John Bransford na Marcia Johnson waliandika kifungu chenye maneno mepesi kabisa: unapanga vitu katika mafungu, fungu moja laweza kutosha, usifanye vingi kwa mkupuo, kazi ikiisha unavipanga tena na kuviweka mahali pake. Waliokisikiliza bila kichwa cha habari walisema hakieleweki na walikumbuka kidogo. Walioambiwa kabla kwamba kinahusu kufua nguo walikielewa na kukumbuka mengi zaidi. Kundi ninalotaka ulitazame ni la tatu, walioambiwa mada baada ya kusikiliza: taarifa hiyo haikuwafaa kitu. Madai yalikuwa yameshapita bila mahali pa kushikiza. Ndiyo sababu kusoma kwanza na kutafuta mada baadaye ni kupoteza muda, hata ukisoma kwa bidii.

Ujuzi wa mada unaweza hata kuupiku ustadi wa kusoma. Donna Recht na Lauren Leslie, mwaka 1988, waliwapa wanafunzi kifungu kinachosimulia mchezo wa besiboli. Wasomaji dhaifu waliojua mchezo walikielewa vizuri kuliko wasomaji hodari wasioujua. Mtu anapolalamika kwamba "hajui kusoma vitabu vya uchumi", mara nyingi kusoma anajua. Anachokosa ni uchumi kidogo wa kuanzia. Dawa yake ni kusoma kwanza maelezo mafupi na mepesi ya mada hiyo hiyo, hata kama ni ya ngazi ya chini ya unayosomea. Hapo hakuna la kuonea aibu.

Kwa nini hisia ya kuelewa inadanganya

Arthur Glenberg na wenzake, mwaka 1982, waliandika vifungu vyenye kauli mbili zinazopingana waziwazi. Wasomaji wengi hawakuona mgongano huo na bado walisema wameelewa. Kila kauli, ikichukuliwa peke yake, ilikuwa nyepesi, nao waliupima wepesi huo wakidhani wanapima uelewa.

Leonid Rozenblit na Frank Keil (2002) waliwauliza watu wanaelewa kwa kiasi gani jinsi zipu, kitasa na cherehani vinavyofanya kazi. Watu walijipa alama nzuri. Kisha wakaambiwa waandike maelezo hatua kwa hatua, na walipojipima tena alama zikashuka. Jaribu cherehani mwenyewe. Sindano inashusha uzi wa juu, uzi wa chini uko kwenye bobini (kibiringo kidogo kinachokaa chini ya kitambaa), na mshono unatokea. Sasa eleza: uzi wa juu unatoka kwenye kibiringo kikubwa ambacho hakiondoki mahali pake, na ncha yake haipiti chini ya kitambaa. Je, unazungukaje uzi wa bobini? Watu wengi hukwama hapo hapo, hata waliokaa na cherehani miaka. Jibu ni kwamba sindano ikianza kupanda, uzi wake unalegea na kufanya kitanzi kidogo chini ya kitambaa. Ndoano ya mashine inakidaka kitanzi hicho, inakipanua na kukipitisha kuizunguka bobini nzima, kisha mvutano wa juu unakikaza. Kabla ya kulazimishwa kueleza, pengo hilo lilikuwa limefunikwa na neno "mshono unatokea". Katika maandishi yoyote ya ufundi au sayansi, maneno kama "hutokea", "husababisha" na "huathiri" ndipo penye mapengo ya namna hii, yako na ya mwandishi pia.

Kurudia kusoma kunauzidisha udanganyifu huu. Mara ya pili maneno yanapita kwa urahisi kwa sababu uliyaona jana, nawe unauhesabu urahisi huo kuwa uelewa. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, mwaka 2006, waliwapa wanafunzi vifungu vifupi: kifungu kimoja kilisomwa mara mbili, kingine kilisomwa mara moja kisha wakaandika walichokumbuka bila kuangalia. Dakika tano baadaye kilichosomwa mara mbili kilikumbukwa zaidi kidogo, asilimia 81 dhidi ya 75. Baada ya wiki moja, kilichoandikwa bila kuangalia kilikuwa na asilimia 56, na kilichosomwa mara mbili 42. Katika jaribio jingine la watafiti hao hao, waliorudia kusoma mara nyingi ndio waliojiamini zaidi kwamba watakumbuka. Kupigia mistari nako, kukiwa ndiyo kazi yote, hakukuvushi popote: kunaonyesha ulichokiona ni muhimu, hakuonyeshi kinahusianaje na kingine.

Namna ya kusoma ninayokupendekezea

Kabla ya kuanza sura, chukua ukurasa mmoja wa maneno kama 300 na uhesabu maneno usiyoyajua. Utafiti wa Marcella Hu na Paul Nation (2000) kwa wanaojifunza lugha ya pili ulionyesha kwamba ili kusoma bila msaada mtu anahitaji kuyajua maneno kama 98 katika kila 100. Kwa ukurasa wako hiyo ni maneno sita mageni. Yakizidi sita, tafuta maana zake kwanza, uziandike kando, ndipo usome. Yakifika kumi na tano, acha kitabu hicho kwa sasa na utafute chepesi zaidi cha mada ile ile. Hesabu pia maneno unayoyajua kwa maana ya mtaani lakini hapa yana maana ya kitaalamu, kama "kazi" na "nguvu" katika fizikia au "mtaji" katika uchumi. Hayo ni ya hatari kuliko mageni, maana hayakusimamishi.

Halafu tumia dakika mbili tatu kusoma kichwa, vichwa vidogo na aya ya mwisho, na uandike sentensi moja: sura hii inajibu swali gani? Ukikosea swali hilo si neno, utalirekebisha njiani. Ukianza bila swali lolote umejiweka kwenye lile kundi lililosikiliza habari za kufua bila kuambiwa ni kufua.

Wakati wa kusoma usisimame kila sentensi. Simama mwisho wa kila sehemu, kama aya nne au tano, na ujiulize: aya hii ya mwisho ingebadilikaje kama ile ya kwanza isingekuwepo? Kama jibu ni "isingebadilika", ama mwandishi ameandika mambo yasiyohusiana, ama wewe hujauona uhusiano. Mara nyingi ni hili la pili.

Kisha funga kitabu, na ngoja. Kungoja huku ndiko watu wengi wanakokuruka. Keith Thiede na Mary Anderson, mwaka 2003, waligundua kwamba walioandika muhtasari baada ya muda kupita walikadiria vizuri zaidi ni vifungu gani wamevielewa kuliko walioandika papo hapo. Sababu inaeleweka ukikumbuka zile ngazi tatu: papo hapo unaandika maneno ambayo bado yananing'inia kichwani, baadaye maneno yameshaondoka, na unaandika kutokana na kile ulichojenga, kama kipo. Ngoja angalau nusu saa ukiwa unafanya jambo jingine. Kesho yake ni bora.

Sasa chukua karatasi tupu. Andika sentensi tano hadi nane, kitabu kikiwa mbali, na katika angalau nusu ya sentensi hizo pawe na "kwa sababu", "ndiyo maana", "isipokuwa", "ili" au "kama isingekuwa". Viungo hivyo ni vigumu kuviandika kwa kubahatisha. Utasimama mahali fulani na kalamu mkononi. Mahali hapo paache wazi, weka mstari, endelea. Ukimaliza fungua kitabu na usahihishe kwa kalamu ya rangi nyingine. Utakuta makosa ya namna tatu. Lililosahaulika, kama tarehe au jina, ni dogo, liandike basi. Lililogeuzwa, yaani umeandika kinyume cha kilichosemwa, ni kubwa kiasi: mara nyingi umeacha ujuzi wako wa zamani uifunike habari mpya. Kiungo kilichokosekana, pale ulipoacha mstari au ulipoandika "halafu" wakati kitabu kina "kwa sababu", ndicho ulichokuja kukitafuta. Rudia kusoma sehemu hizo tu. Kurudia sura nzima kutakurudishia ule wepesi wa uongo.

Mwisho jiulize swali moja ambalo kitabu hakijaliuliza, la aina ya "ingekuwaje kama". Kama umesoma kuhusu cherehani: ingekuwaje kama uzi wa juu umekazwa kupita kiasi? Aliyeijenga hali kichwani ataona kwamba uzi wa chini utavutwa mpaka juu ya kitambaa, ingawa hakusoma hilo popote. Aliyekariri hatua hana pa kuanzia.

Kuandika usichokielewa

Inawezekana, na hutokea kila siku. Carl Bereiter na Marlene Scardamalia (1987) walitofautisha mwandishi anayemwaga anachokijua kwa jinsi kinavyomjia na mwandishi anayelazimika kukipanga upya ili kitatue tatizo la msomaji. Yule wa kwanza huandika: jambo la kwanza linamkumbusha la pili, la pili la tatu, mpaka karatasi ijae. Anaweza kuwa na sarufi safi. Uelewa wake haukuguswa hata kidogo na tendo la kuandika. Nasisitiza hili kwa sababu walimu wengi husema "andika, utaelewa", kana kwamba kalamu ina nguvu yenyewe. Kunakili hakufundishi. Kubadilisha maneno ya mwandishi kwa visawe, kifungu kimoja kimoja, huku kitabu kiko wazi pembeni, kunakufundisha visawe.

Muhtasari wako unaweza kuupima hivi. Kata aya zake, zichanganye, mpe mtu azipange. Kama mpangilio wowote unakubalika, umeandika orodha, hata kama iko katika umbo la insha. Kisha funika kila kiunganishi na umwombe akitaje. Palipokuwa na "hata hivyo" akisema "na pia", ama hujauonyesha ule upinzani, ama haukuwepo na ulilitia neno hilo kwa pambo. Halafu tazama nomino nzito zilizopangwa mfululizo: "utekelezaji wa uboreshaji wa usimamizi". Zigeuze kuwa vitenzi vyenye mtendaji, yaani nani anasimamia nini, na anabadilisha kitu gani. Pale unaposhindwa kumtaja mtendaji, ndipo hukuelewa.

Kwa nini wenzako wanauliza ulichokwisha kuandika

Elizabeth Newton, katika utafiti wake wa mwaka 1990, aliwaomba watu wagonge mezani kwa vidole mdundo wa nyimbo zinazojulikana, wengine wautambue wimbo. Wagongaji walikadiria kwamba nusu ya nyimbo zitatambuliwa. Kati ya nyimbo 120 zilitambuliwa 3. Aliyegonga alikuwa akiusikia wimbo wote kichwani. Msikilizaji alisikia vidole. Ukiusoma muhtasari wako mwenyewe, unasoma pamoja na kila kitu ambacho hukukiandika.

Ufundi wa kumjazia msomaji yale asiyokuwa nayo hupatikana kwa mazoezi maalumu, hauji wenyewe kwa kujua kusoma na kuandika. Sylvia Scribner na Michael Cole waliwachunguza Wavai wa Liberia, watu wenye hati yao wenyewe ambayo wengi hujifunza nje ya shule na huitumia kuandikiana barua. Katika kazi yao ya mwaka 1981 walionyesha kwamba kujua hati hiyo hakukumfanya mtu awe mjuzi wa kufikiri kwa jumla, lakini walioijua waliweza vizuri zaidi kumweleza mtu mwingine jinsi ya kucheza mchezo asioujua. Barua humlazimisha mwandishi kumfikiria mtu asiyekuwepo. Kwa hiyo badala ya kuandika muhtasari "wa jumla", uandike kama barua kwa mtu mmoja unayemjua ambaye hakuhudhuria somo hilo. Utajikuta unaeleza mambo ambayo katika muhtasari ungeyaruka.

Kiswahili nacho kina mitego yake, na mwandishi hawezi kuiona kwa sababu yeye anajua alichokusudia. Mkubwa kuliko yote ni *a-*. "Juma alimwambia Ali kwamba amefukuzwa." Nani kafukuzwa? Lugha yetu haitofautishi hata mwanamume na mwanamke hapo, hivyo watu wawili wakiwa katika aya moja, kila *a-* ya sentensi ya tatu na kuendelea ni fumbo. Taja jina tena. Kurudia jina si kosa la mtindo. Wa pili ni "wote" pamoja na ukanushi: "Wagonjwa wote hawakupona" yaweza kumaanisha hakuna aliyepona, au kwamba baadhi hawakupona. Andika "hakuna mgonjwa aliyepona" au "si wagonjwa wote waliopona". Kauli ya kutendea pia: "aliniandikia barua" yaweza kuwa alinitumia mimi, au aliandika kwa niaba yangu. Na "hiyo" inayoanzisha sentensi baada ya aya yenye nomino tatu za ngeli moja humwacha msomaji achague anayoitaka.

Usimwulize mwenzako "umeelewa?" Atajibu ndiyo, na kwa kipimo chake ni kweli. Mwambie: "Nieleze kwa maneno yako, au nionyeshe ungefanya nini." Hivyo ndivyo wahudumu wa afya wanavyofundishwa kuhakikisha mgonjwa ameelewa namna ya kutumia dawa, na ndivyo inavyofaa kwa maandishi yoyote.

Ukitaka kipimo cha namba, kipo cha kujaza mapengo, alichokibuni Wilson Taylor mwaka 1953 hasa kwa ajili ya kupima ugumu wa maandishi. Chukua kifungu cha maneno kama 270. Acha sentensi ya kwanza na ya mwisho bila kuzigusa, katikati futa kila neno la tano mpaka upate mapengo 50, kisha mpe mtu ayajaze, nawe uhesabu aliyoyapata sawasawa. Tahadhari moja: viwango vya kufaulu vinavyotajwa vimetokana na Kiingereza. Kitenzi chetu kimoja, kama "nimekuletea", kimebeba mtenda, wakati na mtendewa, kwa hiyo pengo moja la Kiswahili linaficha mengi zaidi. Usichukue viwango hivyo kama vilivyo. Linganisha matoleo mawili ya maandishi yako mwenyewe, la zamani kwa mtu mmoja na jipya kwa mwingine wa kiwango hicho hicho. Majibu yenye shina sahihi lakini kiambishi tofauti yaandike kando, kwa sababu ndiyo yanayoonyesha *a-* na *-wa-* zilizowapoteza.

Kasi

Sidhani kasi ndiyo tatizo lako, lakini usikubali kuuziwa mafunzo ya kusoma haraka. Macho hayatelezi juu ya mstari; hurukaruka na kutua, na kila kutua huchukua kama robo sekunde. Marc Brysbaert, alipokusanya tafiti nyingi mwaka 2019, alipata wastani wa maneno 238 kwa dakika kwa mtu mzima anayesoma kimyakimya maandishi ya Kiingereza yasiyo ya hadithi. Maneno ya Kiswahili ni marefu na yamebeba mengi, kwa hiyo namba yako ikiwa chini ya hapo usishtuke. Sehemu ya miruko hiyo ya macho hurudi nyuma, na mafunzo hayo hukwambia uiache. Elizabeth Schotter na wenzake, mwaka 2014, walifuta kila neno mara tu macho yalipolipita, wasomaji wasiweze kulirudia, na uelewa ukashuka. Macho yanaporudi, kuna kiungo hakijashika, nawe unatengeneza.

Kwa hiyo soma kwa kasi yako. Ukijikuta umerudi nyuma mara mbili mahali pale pale, weka alama ya penseli pembezoni na uendelee. Kesho yake, ukishaandika zile sentensi zako bila kitabu, linganisha alama hizo na mistari uliyoiacha wazi. Zikikutana, umepata aya ya kurudia. Ambapo kuna mstari wazi lakini pembezoni hakuna alama yoyote, soma kwa uangalifu zaidi, kwa kuwa hapo ulipita ukidhani umeelewa.